Chura wa Ng'ambo ya Lufira

Mwezi uliopita nilimpeleka mwanangu wa mwisho kuchomwa sindano, na muuguzi alipofungua chupa ya spiriti kulowanisha pamba ilinibidi niegemee ukuta. Muuguzi mwenyewe, msichana mwenye ulimi mwepesi, alinicheka waziwazi. "Mama, ni mutoto njo tunachoma, haiko weye!" Waliokaa kwenye benchi wakaangua kicheko, na mimi nikacheka nao ili yaishe. Sindano sijawahi kuiogopa maishani. Ninachokiogopa, mtu mzima na watoto wangu wanne, ni vyura wawili wa kahawia, kila mmoja si mkubwa kuliko kidole gumba, waliokufa tangu nikiwa mtoto.

Kama ulikulia Lubumbashi miaka niliyokulia mimi, unalikumbuka vumbi jekundu la kiangazi lililokaa mpaka ndani ya masufuria, na ule moshi wa viwanda uliokuachia kooni ladha ya sarafu. Sisi tulikaa mtaa wa Hewa Bora. Baba alikuwa mtu wa reli, kazi yake ilimweka Sakania, na nyumbani tulimwona kwa nadra. Nyumba ilikuwa ya mama, ya Tonton Félicien mdogo wake mama, na yetu sisi wawili. Sisi ni mapasa. Kwetu Waluba pacha hachaguliwi jina, huja nalo: wa kwanza kutoka ni Kyungu, anayefuata ni Kabange. Mimi ni Kyungu, na kwa kuwa tulikuwa mapasa, mama hakuitwa tena kwa jina lake na mtu yeyote mtaani. Akawa Mama Mapasa.

Watoto wa siku hizi wakisikia sheria za mapasa wanadhani ni mchezo. Kwetu haikuwa mchezo hata kidogo. Mmoja akinunuliwa kandambili, wananunuliwa wote. Mmoja akichapwa, mwingine naye anapata lake, hata kama alikuwa amelala. Mmoja akiugua, dawa wanakunywa wote, yule mzima akikunja uso sawasawa na mgonjwa. Ukimpa mmoja ukamnyima mwingine, umemwambia kwamba hatakiwi duniani, na pacha hana ubishi, ataondoka zake. Na akiondoka mmoja, mwenzake hakawii kumfuata.

Mwisho wa sheria hizo tuliuona kwa macho yetu. Mtaa wa nyuma alikuwako mama mwingine wa mapasa, na mwanawe mmoja alifariki. Tulisikia nyimbo, tukakimbilia huko. Wanawake walikuwa wamejipaka pemba usoni, ile chokaa nyeupe, wanapiga makofi na kuimba nyimbo za mapasa, zile zenye matusi ya kuchekesha ambazo siku nyingine ukiziimba unapigwa kofi. Mimi na Kabange tukaingia katikati, tukacheza mpaka jasho likatutoka, tukidhani ni sherehe. Kisha tukaliona sanduku dogo. Hakuna aliyekuwa analia, hata mama mwenyewe, maana pacha haliliwi. Ukimlilia unamwita na yule aliyebaki. Yule mama alikuwa anaimba huku ameshika taya lake kwa mikono miwili, kama mtu anayezuia lisidondoke. Tulirudi nyumbani tumeshikana mikono na hatukuulizana kitu.

Sasa, Kabange alikuwa na kifua kibovu. Vumbi likizidi, usiku alikuwa anapiga miluzi ndani ya mbavu, na mimi niliyelala mgongo wangu ukigusa wake nilikuwa naisikia miluzi hiyo kama ni yangu. Daktari akasema mtoto huyu aondolewe kwenye moshi. Basi mvua za kwanza zilipoanguka, mama alimpeleka kwa Kambo, bibi yetu, huko Kasomeno kwenye njia ya Kasenga, ambako hewa ni safi na mihogo haina vumbi. Mimi nikabaki kwa sababu ya shule. Kutenganisha mapasa ni kosa kubwa, mama alilijua hilo, na Kambo alikuwa amemwonya mara nyingi. Lakini kifua nacho hakina subira. Kabange akapakiwa juu ya lori pamoja na mama, akanitazama mpaka lori likakata kona, na usiku ule godoro lilikuwa pana mno.

Tonton Félicien ndiye aliyekuwa daraja letu. Alikuwa msaidizi katika maabara, na kazi yake ilikuwa vyura. Mtaani walimcheka sana kwa hilo, mtu mzima amesoma mpaka amemaliza, halafu anakwenda milimani kufukuza vyura na tochi. Alikwenda kwenye uwanda wa juu wa Kundelungu, na njia ya kwenda huko ilimpitisha Kasomeno, kwa hiyo mama alimpa kila kitu kwa sehemu mbili: kandambili zangu hapa, za Kabange ndani ya mfuko wa Tonton. Akirudi, mfuko uleule ulirudi na vyura, wamefungiwa katika vipande vya plastiki vyenye majani mabichi.

Kazi yake aliifanyia katika chumba chake cha nje, kwenye aneksi. Palikuwa na meza ndefu, chupa zimepangwa, na harufu ya spiriti iliyochanganyika na ile dawa nyingine kali inayochoma macho. Niliruhusiwa kukaa mlangoni nikinyamaza. Nilimwona akimpaka chura tumboni dawa ya maumivu ya meno, ile ya kwenye tyubu, na chura akalegea taratibu, akalala, hakuamka. Kisha Tonton akamlaza kwenye sinia, akamnyoosha vidole kimoja kimoja ili baadaye viweze kulinganishwa, akamfunga kikaratasi mguuni. Alifanya yote hayo kwa upole mwingi sana, na upole wenyewe ndio uliokuwa unanitisha.

Siku moja alikuwa na wawili walio hai, kila mmoja ndani ya ndoo yake yenye kifuniko cha wavu. Akaniita karibu.

"Unaona bale babili? Njo bimoja, ni vile?"

"Eh, Tonton. Ni mapasa."

Akacheka. "Huyu nilimukamata ku Kundelungu. Ule ingine, mwenzangu wa kazi aliniletea, anatoka ng'ambo ya muto Lufira, ku milima ya Upemba. Bantu ba zamani balibapatia jina moja. Balisema ni espèce moja, aina moja tu, inaishi huku na kule. Miye minakatala."

"Ju ya nini?"

"Sikiliza."

Akabonyeza kinasa sauti chake. Chura wa Kundelungu aliimba kama vijiti viwili vinavyogonganishwa, haraka haraka. Kisha akageuza kaseti. Sauti ya wa ng'ambo, ambayo mwenzake Tonton aliirekodi hukohuko kutoka kwa chura mwingine wa aina ile, ilikuwa kama mlango usio na mafuta. Na wote wawili walikuwa na mstari uleule mwembamba mgongoni, macho yaleyale ya dhahabu.

"Zamani sana baridi ilikuwa mpaka chini mu bonde," Tonton akaniambia. "Babu yabo alikuwa moja, anatembea fasi yote. Kisha joto ikakuya. Bonde ikakuwa moto, kila moja akabakia ku mulima yake, juu kabisa, fasi ya baridi. Kushuka hawezi. Bakikaa mbali-mbali wakati murefu, banageuka."

"Banageuka nini?"

"Bengine. Hata bakikutana leo, moja akiimba, mwingine hatamujua. Haiko tena ndugu yake."

Yeye alikuwa anasema kuhusu maelfu na maelfu ya miaka. Lakini hakuyataja, alisema tu wakati murefu, na mimi nilikuwa na kipimo kimoja tu cha wakati mrefu: tangu Kabange aondoke. Mvua zilikuwa zimekwisha, mahindi yamevunwa, majani yamekauka. Kundelungu ilikuwa upande wake. Nikamtazama chura wa ndoo ile nikajua ni Kabange. Wa pili, kwa kuwa hakuwa na mwenyewe, akawa mimi.

Tonton, maskini, hakujua alichopanda. Safari iliyofuata alirudi kutoka Kasomeno akiwa mchangamfu, akamwambia mama mezani, "Kabange anakuwa mutu ya kule! Ukimuita, anakuitika 'mukwai', ile heshima ya bantu ba kule. Hata kucheka, anacheka ingine." Mama akatabasamu. Mimi nililirudisha tonge la bukari, ugali wetu, kwenye sahani. Nikawaza, ameanza kugeuka.

Baada ya hapo sikulala vizuri. Nilikuwa nafanya mazoezi ya kicheko chetu chini ya blanketi nisije nikakisahau na mimi.

Kisha ikaja asubuhi ile. Nilikuwa mlangoni pa aneksi wakati Tonton alipofunua ndoo ya chura wa Kundelungu. Tyubu ile ya dawa ya maumivu ilikuwa mezani. Akampaka tumboni, akamlaza, akamnyoosha vidole. Kazi ilipokwisha akamtia ndani ya chupa, na yule chura akakaa humo mikono imenyooka, kama mtoto anayeomba abebwe.

"Na huyu?" nikauliza, nikionyesha ndoo ya pili.

"Kesho," akajibu, akinawa mikono.

Jua lilikuwa bado halijakaa vizuri utosini wakati lori la samaki la Kasenga liliposimama mbele ya nyumba. Dereva hakuzima hata mashine. "Mama Mapasa iko? Banakuita ku Kasomeno. Kifua ya mutoto inamukamata mubaya. Kambo anasema ukuye leo, haiko kesho."

Mama hakupiga kelele. Mama wa mapasa hajifunzi kupiga kelele. Aliuma ncha ya kitenge chake, akachukua mfuko, akapanda juu ya lori lilelile lililokuwa linageuza, katikati ya matenga matupu yanayonuka samaki. Sikuweza kuusoma uso wake, na hilo lilinitisha kuliko kama angelia. Mimi nilijua tayari. Kabange ameingia ndani ya chupa asubuhi, na habari imetufikia mchana. Zamu yangu kesho.

Ninyi mliokuwa na hofu za kawaida, za mbwa na radi, sijui kama mtanielewa. Niliogopa kufa, ndiyo. Lakini niliogopa pia kwamba Tonton angemwacha chura wangu hai, maana hapo Kabange angekuwa ameondoka peke yake na mimi nimebaki, kinyume cha sheria. Sikujua niombe lipi. Jioni nilikaa mbele ya ile ndoo, sikwenda hata kula, mpaka Tonton akaja akachuchumaa kando yangu.

"Una nini?"

"Tonton, nipatie dawa."

"Unaumwa fasi gani?"

"Haiko miye. Ni Kabange. Anakunywa dawa kule, na miye sijakunywa kintu."

Huyu ndiye mtu aliyekuwa anazicheka sheria za mapasa mbele ya wageni wake wa maabara, akiziita mambo ya vijijini. Lakini alikuwa mtoto wa Kambo naye. Aliinuka, akachemsha maji kwenye mbabula, jiko letu la makaa, akayapooza, akayamimina kwenye kikombe kidogo, akatia kitu ndani, akakiinua kwenye mwanga vilevile alivyoinua chupa zake.

"Kunywa. Yote."

Nilishangaa dawa ya kifua ilivyo tamu. Nikakunja uso hata hivyo, kwa heshima ya Kabange. Asubuhi na jioni alinipa, hakusahau hata mara moja. Na kesho ilipofika, hakufunua ndoo. Nilimuuliza kwa sauti ndogo kama leo ndiyo leo.

"Huyu hayaimba bado," akasema. "Siwezi kumufunga mutu mwenye sijasikia sauti yake. Tutamungoja aimbe."

Nikashika hapo kwa kucha zote. Nilikuwa nakwenda kwenye ndoo nikinyata, namwambia chura kwa kunong'ona, usiimbe, tafadhali, usiimbe. Naye hakuimba. Siku zikapita bila habari kutoka Kasomeno.

Alasiri moja nilikuwa kwenye kizingiti nachambua maharagwe, Tonton yuko kazini, jirani ananiangalia kwa jicho moja kutoka uwanja wake. Nikasikia nyimbo. Mwanzoni ziliinuka mbali, upande wa barabara kubwa, kisha zikakata kona zikaingia mtaani kwetu, na nikayajua maneno. Yalikuwa ya mapasa. Mbele alikuwa Kambo, ambaye hakuwahi kuja mjini bila sababu, uso mweupe kwa pemba. Nyuma yake mama, naye mweupe, kinywa wazi, anaimba tusi kwa sauti ya juu na kupiga makofi. Majirani walikuwa wanatoka majumbani na kujiunga. Hakuna aliyekuwa analia. Nilimtafuta Kabange katikati ya miguu yao, nikamtafuta tena, hakuwepo.

Sinia la maharagwe likaniponyoka. Nilikimbilia aneksi, nikaingia chini ya meza ya chupa, nikavuta miguu yangu mpaka magoti yakagusa meno. Nje walikuwa wamefika uwanjani, wanacheza, na ardhi ikitetemeka chupa nazo zilikuwa zinagongana polepole juu ya kichwa changu. Ile harufu ilinijaa kifuani. Ndoo ya chura wangu ilikuwa karibu na bega langu. Na ndani ya ndoo, kwa mara ya kwanza, kitu kikalia kama mlango usio na mafuta.

Basi ameimba, nikawaza. Imekwisha.

Nilifumba macho, nikaziba masikio. Hata hivyo nilisikia mlango ukisukumwa, na miguu midogo ikiburuta kandambili.

"Kyungu. Toka, mukwai. Banasema uko humu."

Sauti ilikuwa ya kukwaruza, nzito, kama ya mzee. Haikuwa sauti ya Kabange. Walikuwa wameniletea mwingine, yule aliyegeuka.

"Weye haiko Kabange," nikasema bila kufumbua macho.

"Niko nani basi?"

"Sijui. Uende."

Kisha nikasikia pumzi zake, na ndani ya pumzi miluzi, ile iliyokuwa inanilaza usiku. Alipiga magoti, akaingia chini ya meza kwa shida, amekonda, pemba usoni, kitenge cha mama jirani wa Kasomeno, aliyekuwa amembeba mgongoni nisimwone, bado kimemfunika mabega. Alikuwa na kifuko cha nailoni. Akakigeuza mapajani mwangu, vikamwagika: nusu ya pipi, imekatwa kwa meno, karanga zilizoanza kuota ukungu, vinkubala vikavu, wale wadudu wa miti tuliowapenda, wamevunjwa katikati, kila mmoja, mkia wa samaki, hereni moja ya shaba. Kila alichopewa Kasomeno tangu mvua za kwanza alikuwa amekata, akaweka.

"Yako," akasema. "Kambo alitaka kubitupa. Nilimukatalia." Akanitazama. "Na yangu iko wapi?"

Nilitafuta cha kumpa. Kandambili zake alikwishapewa, kila kitu mama alikuwa amekituma. Nilikuwa na kitu kimoja tu.

"Nilikunywa dawa yako. Asubuhi na jioni. Nilikunywa yote."

Kabange akafikiri kwa uzito mkubwa.

"Njo maana yangu haikukuwa kali sana," akasema, na akacheka. Kicheko kilikuwa kingine, Tonton alikuwa amesema kweli, kilikwaruza na kilimalizikia puani. Lakini nilikijibu kwa cha kwetu, naye akakijua. Nililia hapo hapo, chini ya meza, kwa sauti, na yeye akanifunika mdomo kwa kiganja chenye pemba kwa sababu mapasa hawaliliwi.

Baadaye niliambiwa kilichokuwa kimetokea. Kabange alikuwa amefika ukingoni kabisa, kisha akarudi. Kambo akatangaza kwamba ugonjwa huo si wa kifua tu, ni wa kutenganishwa, na kwamba mapasa waliotenganishwa bila nyimbo warudishwe kwa nyimbo. Akaja nao mwenyewe, akawapaka pemba wote ndani ya lori, dereva akiwemo. Hakuna aliyewaza kwamba kuna mtoto Hewa Bora anayezijua nyimbo zilezile kwa sanduku dogo. Kabange hakurudishwa Kasomeno tena. Kifua chake kilipambana na vumbi letu, na dawa tulikunywa wote.

Tonton alimaliza kazi yake. Wale vyura walikuwa wa aina mbili kweli, na kila mmoja ana kipande chake kidogo cha dunia, majani na chemchemi za juu ya mlima wake, na nje ya hapo hayupo popote. "Bakimalizika pale, banamalizika," alituambia. Chura wangu naye aliishia ndani ya chupa, kwenye rafu nyingine, mbali na mwenzake, maana ndivyo walivyostahili kupangwa. Kabange alizitazama zile rafu mbili akamuuliza kama wale wawili wanajuana. Tonton akasema hapana. "Ulibauliza?" Kabange akasema, na Tonton akarudi kufuta chupa zake.

Leo Kabange anafanya biashara yake ndogo Sakania, mpakani. Mimi niko hapahapa. Tunapigiana simu, na ananisubiri nicheke kwanza ndipo aseme shida zake. Nilipomweleza habari ya muuguzi na pamba alicheka sana, kisha akakohoa, nami nikaogopa kama zamani.

Kuna jambo moja tunalogombania, na tumeligombania tangu tulipokuwa wasichana. Mmoja wetu atakufa kwanza aimbiwe nyimbo zile, na mwingine atasimama pale amepakwa pemba, akicheza, haruhusiwi hata chozi. Nimemwomba anipishe. Mimi ndiye Kyungu, nimezoea kutangulia. Kabange hataki kusikia.

"Ulitangulia kuzaliwa," alinijibu siku ile kwenye simu, kwa sauti yake ileile ya kukwaruza. "Sasa njo zamu yangu."

Na kwa sheria zetu yeye ndiye mwenye haki: alichopewa mmoja, lazima apewe na mwingine.